Kibuyu Alichochungulia Nyamizi

Sogeeni, nina hadithi! Semeni, "Tupe!" Haya, nawapa.

Alikuwapo mlevi mmoja, Mayunga, na binti yake Nyamizi, kwenye kibanda kinachovuja. Kila asubuhi Mayunga alimtuma Nyamizi akamletee pombe kwa kibuyu. Akiletewa, humwagia mizimu tone moja chini, kisha hunywa yote iliyobaki.

Siku moja njiani kibuyu kikasema, "Nyamizi, unajua umebeba nini?"

"Pombe ya baba."

"Hebu chungulia."

Akachungulia, akaona unga wao wote umo ndani. Jioni, debe la unga li tupu!

Siku ya pili kikasema, "Chungulia." Akamwona mbuzi wao. Jioni, kamba ipo, mbuzi hayupo.

Siku ya tatu hakungoja kuambiwa. Akachungulia, akajiona mwenyewe.

Mbio hadi nyumbani. "Baba, chungulia kwanza!"

"Nichungulie nini? Lete hapa!"

Lakini akachungulia. Akamtazama binti yake kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Mizimu kwanza," akasema, akainamisha kibuyu. Akamwaga, akamwaga, akamwaga.

Siku hiyo, jamani, waliolewa chakari ni mizimu peke yao.