Presha ya Macho ya Mpuliza Tarumbeta

Wapendwa, sogeeni karibu, maana habari hii nikiianza siwezi kusimama mahali pamoja.

Palikuwa na baba mmoja, mkulima wa kahawa, na kanisani kwao ndiye aliyeongoza kikundi cha matarumbeta. Watu walimwita Baba Ndeonasia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Huyo baba akipuliza siku ya Pasaka, hata waliochelewa ibada walikimbia!

Akapatwa na glaukoma, ule ugonjwa wa presha ya macho. Mnaujua? Hauumi. Haubishi hodi. Presha inapanda ndani ya jicho, inauharibu mshipa wa kuonea, na mtu anaanza kupoteza pembeni, halafu giza linasogea kuelekea katikati. Na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Daktari akampa dawa ya matone ya kutia kila jioni, akamwambia awe anarudi kupimwa.

Akarudi. Presha ya macho, kumi na tano. Safi kabisa! Akarudi tena, kumi na tano ile ile. Lakini kipimo kingine, kile cha kuangalia vitaa vidogo vya pembeni, kikasema mengine: giza lilikuwa linasogea. Baba wa watu akaanza kujikwaa kwenye ngazi za kanisa. Siku moja akamkanyaga vidole mjukuu wake aliyekuwa anacheza sakafuni mbele ya miguu yake. Hakumwona. Siku hiyo alilia kuliko mtoto mwenyewe.

Aliporudi hospitali pamoja na mkewe, daktari, mama mmoja asiyezunguka maneno, akamtazama usoni. "Mzee, tuambiane ukweli. Hii dawa unaitia ukikaribia kuja hapa tu, ili nikukute na namba nzuri. Siyo?"

Mzee akainamisha kichwa. Mkewe je? Mkewe akasimama!

"Daktari, mimi ndiye ninayemtilia. Kila jioni analaza kichwa hapa mapajani mwangu. Ukisema hatumii dawa, basi mwongo ni mimi."

Ninyi mngemwamini nani? Mashine, au mama mwenye kitenge?

Daktari yule, Mungu ambariki, hakukasirika. Akavuta kiti, akaketi karibu nao. "Haya, mama. Nisimulie siku nzima ya mzee, tangu anapoamka."

"Anaamka, anakunywa chai, anakwenda shambani. Akirudi anapuliza tarumbeta mpaka majirani wanafunga madirisha."

"Anapuliza nini?"

"Tarumbeta. Hata sasa liko hapo nje kwenye gari. Tukitoka hapa tunakwenda harusini."

"Lileteni!"

Wapendwa, tarumbeta likaingia kliniki ya macho! Daktari akamtia mzee dawa ya ganzi machoni, akashika kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia presha ya macho. "Puliza, mzee. Ile noti ya juu kabisa, na uishikilie."

Akavuta pumzi. Shingo ikasimama mishipa. Sauti ikapasua korido nzima! Wagonjwa wakainuka kwenye mabenchi, na mama mmoja aliyefungwa bandeji jichoni akapiga kigelegele! Daktari akagusisha kifaa kwenye jicho, akasoma: thelathini na sita! Akarudia, kwa kuwa hakuamini: thelathini na nane! Mzee akashusha tarumbeta, akapumzika, akapimwa tena. Kumi na sita.

Daktari akamgeukia mke wa mzee. "Mama, nisamehe. Namba zangu hazikuwa za uongo, ila zilikuwa za mtu aliyetulia kwenye kiti changu. Huyu anayepuliza sijawahi kumpima."

"Kwa hiyo unaninyang'anya tarumbeta?" mzee akauliza, amelikumbatia kifuani.

"Nataka kukuachia macho, mzee wangu."

Iliuma. Kikundi kikaenda harusini bila sauti yake. Lakini dawa ikaongezwa, naye akakubali kuhamia kwenye ngoma kubwa. Na giza? Likasimama! Limesimama pale pale hadi leo, na wajukuu wanapita mbele yake na vidole vyao salama.

Mnacheka. Haya, tuendelee kucheka tukijipima.

Sisi sote asubuhi hii tuna kumi na tano! Tumeketi, tumevaa vizuri, tumeimba. Nani ana chuki akiwa ameshika kitabu cha nyimbo? Lakini dada, presha ya moyo wako ni ngapi wifi anapoanza kufunua vifuniko vya sufuria zako? Kaka, yako ni ngapi mdogo wako anapogawiwa shamba la juu, lenye maji, na wewe la bondeni? Hapo hatujawahi kupimwa, na hapo ndipo giza linaposogea. Kisha tunashangaa: mbona ninasali, na upendo unazidi kupungua?

Na jirani akianguka, sisi ni wepesi kusema, "Huyu hatumii dawa." Tumemwuliza siku yake inakwendaje? Tumevuta kiti?

Ndugu zangu, tusimkaribishe Bwana tukiwa tumetulia tu. Leo utakaporudi nyumbani, neno kali likikupanda kooni, kabla halijatoka, hapo hapo, na hasira yako yote, mwambie: Bwana, nipime sasa. Na akikusomea namba, usibishe.