Nani Aendeshe Pikipiki ya Mahimbo

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali hizi za juzijuzi, pikipiki zilipokwisha kupanda hadi milimani, paliondokea mtu mmoja jina lake Mahimbo. Aliishi Kwemtindi, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima huko Usambara. Huko, kabichi ikikuponyoka mlangoni huna haja ya kuifuata. Jirani wa chini atapiga kelele kukujulisha kwamba imefika.

Bodaboda wa mjini walikuwa wanaishia Njiapanda. Kutoka hapo kwenda juu walisema, "Hiyo siyo njia, ni ngazi." Mahimbo peke yake ndiye aliyeipanda ngazi hiyo. Alipandisha saruji, akashusha mapeasi. Alipandisha maharusi, akashusha wagonjwa. Siku moja alipandisha kitanda cha futi sita, na mwenye kitanda akiwa amekaa juu yake. Watu wengine huendesha pikipiki ili wafike. Mahimbo alikuwa anafika ili apate kurudi.

Basi, akaanguka.

Mara ya kwanza alimkuta fahali amelala kwenye kona. Mahimbo akakata kulia. Fahali naye akaamka, akaenda kulia. Mahimbo akaenda bondeni, fahali akabaki barabarani. Paja likavunjika na damu ikamtoka nyingi. Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa mtu wa kuogopa sindano kiasi cha kujificha shambani wapitapo watu wa chanjo. Siku ile alinyoosha mkono hospitalini akasema, "Toeni." Wakatoa. Wakasema inatosha. Akasema, "Mbona bado sijaona kizunguzungu? Ongezeni." Baada ya hapo alilala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe muda mrefu, hata wauguzi wapya wakadhani ameajiriwa, wakawa wanamtuma ndoo.

Mahimbo akapona. Akarudi kwenye pikipiki.

Mara ya pili ilikuwa kwenye daraja la magogo. Gogo la katikati lilikuwa limechukuliwa na maji, na daraja halikumwambia mtu. Siku hiyo Mahimbo alikuwa amempakia Singano, rafiki yake tangu jandoni, fundi cherehani aliyekuwa akishuka kushona gulioni. Pikipiki ikaingia mtoni. Singano aliruka akatua ukingoni mzima, hata kofia haikumdondoka. Lakini Mahimbo alikuwa chini ya maji, pikipiki kifuani. Singano akarudi mtoni, akamshika kola, akamvuta. Alipokuwa anamsukumia nje, pikipiki ikateleza juu ya jiwe ikamlalia yeye. Mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mahimbo aliyatapika maji ya mto, akapungukiwa na jino moja.

Mahimbo akapona. Akarudi kwenye pikipiki.

Mara ya tatu hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma kuiingiza uani kwake, imezimwa, siku ya Idi, amevaa kanzu. Kanzu ikanaswa kwenye stendi. Pikipiki ikamwangukia, ikateremka naye hadi ukuta wa jikoni. Mtulinga ukavunjika, mbavu zikavunjika, na fahamu zikampotea mpaka wageni wa Idi wakaanza kumsomea Yasini.

Mkewe, Hidaya, ndiye aliyemlisha. Ndiye aliyemwogesha. Ndiye aliyemgeuza kitandani. Na ndiye aliyemsikiliza, kazi iliyozidi zote hizo, maana katika homa yake Mahimbo hakuita mtu wala hakuomba maji. Alitaja kona. Hapa unapunguza gia. Hapa unaegemea mlima. Hapa usiguse breki ya mbele hata ukimwona Ziraili. Hidaya akazisikia kona zote, kutoka Kwemtindi hadi Njiapanda, kwenda na kurudi. Mume alipoanza kulala vizuri mchana, Hidaya akawa anaisukuma pikipiki hadi uwanja wa shule na kuizungusha huko. Hakumwambia mtu. Kijiji kizima kilijua, isipokuwa mumewe.

Bi Mwantumu akaja kukaa karibu na kitanda. Akasema, "Mwanangu, ya kwanza uliifuata njiani. Ya pili uliifuata mtoni. Ya tatu imekufuata nyumbani kwako. Sasa niapie kwa ziwa ulilonyonya. Maadamu mimi ni hai, hutaendesha pikipiki. Ukiendesha, radhi zangu huna."

Mahimbo akaapa. Mtu aliyevunjika mbavu habishani, kubisha kunauma.

Akapona, na safari hii hakurudi kwenye pikipiki. Ilifunikwa turubai, naye akalima kabichi. Kabichi hazikumkosea lolote, lakini alizitazama kama mtu anayetazama wakwe. Injini ikinguruma bondeni, jembe lake lilisimama hewani. Akipita kwa miguu kwenye kona ya fahali, mikono ilimtetemeka. Hakujua kama ule ni woga au ni hamu, kwa kuwa vyote viwili vilimshika mahali pamoja. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Singano naye alikwama mlimani. Kwa magongo asingeweza kushuka gulioni akarudi siku hiyohiyo, na wateja wake wakatafuta fundi mwingine. Kila Ijumaa, baada ya swala, alikuja uani kwa Mahimbo, akafunua turubai, akapanda, akapiga kiki kwa mguu wa kulia, akaiacha injini ingurume kidogo, akaizima, akaifunika, akaenda zake.

Bi Mwantumu akamwuliza, "We Singano, unatafuta nini huko? Haijatosha kuula mguu wako mmoja?"

"Naiamkia tu, mama," akasema Singano.

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha mpaka mlima ukaanza kuhama. Asubuhi moja Bi Mwantumu akashikwa na tumbo. Likajaa, likawa gumu kama ngoma, na alichokitapika hakikuwa chakula. Muuguzi wa zahanati akamgusa, akamwita Mahimbo pembeni.

"Utumbo umejisokota. Apasuliwe leo. Gari la wagonjwa limefika Njiapanda, lakini juu haliwezi kupanda, barabara imeliwa."

"Tukimbeba kwa machela?"

"Machela itafika," akasema muuguzi. "Yeye sidhani."

Bi Mwantumu alikuwa na masikio mazuri. Akasema kutoka mkekani, "Mimi kwenye dude lile sipandi. Na wewe Mahimbo, umeapa." Kisha macho yakampinduka, akazimia, wala hapakuwa tena na wa kubishana naye.

Mahimbo akabaki amesimama. Kiapo mkono huu, mama mkono huu. Akasikia turubai linavutwa. Kutazama hivi, anamwona mkewe amekwisha kupanda, khanga ameifunga kiunoni.

"Tangu lini?" akauliza Mahimbo.

"Tangu uliponifundisha."

"Sijakufundisha kitu."

"Ulikuwa na homa, Baba Nuru. Mlete mama."

Singano akaja kwa magongo yake akapiga kiki. Ikawaka mara moja. Bi Mwantumu akawekwa katikati, Mahimbo akakaa nyuma kumshikilia, wakashuka.

Mahimbo alimtazama mkewe akipunguza gia mahali pa kupunguza, akiegemea mlima mahali pa kuegemea. Kona ya fahali wakaipita. Mto wakauvuka kwenye daraja lililokwisha kutiwa gogo jipya. Wakafika mahali ambapo mlima ulikuwa umeporomoka. Barabara iliyobaki ilikuwa na upana wa mkeka wa kuswalia, tope jekundu tupu, na upande wa pili ni bonde. Hidaya akasimamisha pikipiki.

"Hapa hukuwahi kunisimulia," akasema.

"Hapa ni papya."

"Basi hapa siwezi."

Kwa miguu wasingeweza: mtu aliyembeba mtu mzima kwenye tope lile angeteleza naye. Pikipiki ingepita kwa mwendo, na mwendo unataka mjuzi. Mahimbo akateremka. Akamfunga mama yake mgongoni kwa khanga mbili, kama yeye alivyowahi kubebwa. Akashika usukani. Mikono ikatetemeka. Akatia gia, na ilipoanza kwenda, mikono ikatulia.

Akapita. Tairi la nyuma lilichungulia bondeni likarudi. Ng'ambo akasimama, akamngoja Hidaya, aliyevuka kwa magoti na viganja. Akamwachia usukani.

"Endesha wewe," akasema. "Mimi nimeapa."

Bi Mwantumu akapasuliwa. Daktari akasema wangechelewa kidogo wangemletea maiti. Alipozinduka hakuomba maji. Akauliza, "Nani aliendesha?"

Hidaya akatazama dirisha. Angeweza kusema ni yeye, na kwa sehemu kubwa isingekuwa uongo. Mahimbo naye alijua hivyo.

"Hidaya aliendesha, mama. Palipoporomoka niliendesha mimi."

Bi Mwantumu akageukia ukuta.

Aliporudi Kwemtindi, mvua zikiwa zimekatika, akadai ufunguo wa pikipiki. Akapewa. Akawaita wote watatu uani, akaketi mkekani, akauweka ufunguo mbele yake.

"Kiapo ni changu," akasema. "Wa kukifungua ni mimi, na wa kukikaza ni mimi. Damu iliyomo mwilini mwa huyu niliitoa mara mbili, mara ya kwanza tumboni, mara ya pili kwa sindano. Mnasema mmeniokoa. Mimi sikuombwa ruhusa. Ningeulizwa, ningesema niacheni nife na mwanangu mzima, kuliko nipone nije nimzike. Pikipiki iuzwe, tena iuzwe mbali, nisiisikie."

Hidaya akasema, "Mama, kiapo kilikuwa maadamu wewe ni hai. Angekaa na kiapo chake, ungekufa, naye angekuwa huru kuendesha siku ya arobaini. Amekivunja, kwa hiyo kinaendelea. Hapo mimi sina neno. Lakini mimi sikuapa. Njia nimeipita yote isipokuwa palipokuwa papya, na sasa hapo nako nimepaona. Nimeuguza majeruhi wa pikipiki hii kuliko hospitali. Yeye asiendeshe. Nitaendesha mimi, kwa sababu mimi naiogopa."

"Na ukianguka wewe?" akauliza Bi Mwantumu. "Mwanao Nuru abaki na nani?"

Hidaya akautazama ufunguo.

Singano akaweka magongo chini. "Kama kuna mtu wa kuichukia pikipiki hii, ni mimi. Mama ulitoa damu, damu imerudi. Shemeji ulitoa usingizi, usingizi umerudi. Mguu wangu haujarudi. Nami nasema Mahimbo aendeshe. Niliutoa mguu ili yeye aishi, sikuutoa ili alime kabichi huku anasikiliza bonde. Nataka kurudi gulioni kwangu. Na wagonjwa wa huku juu, mvua ijayo, mtawabeba kwa viapo? Kila Ijumaa niliiwasha. Nisingeiwasha, siku ile mngepiga kiki mpaka Magharibi."

Wote wakamgeukia Mahimbo. Alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Na wewe sema," mama yake akamwambia.

Akakiweka kijiti chini. Kisha akasema, "Mama, kuna jambo sijawaambia. Pale palipoporomoka, wewe mgongoni kwangu, unapumua kama mtu anayeaga, bonde liko hapa. Nilikuwa na furaha."

Akafuta kwa kiganja alichokuwa amekichora.

"Sikuwa na furaha ya kukuokoa," akaendelea. "Hilo nililifikiria baadaye. Nilifurahi kwa sababu naendesha. Hapo penye upana wa mkeka nilisahau kuwa una mtoto, na mtoto mwenyewe ni mimi. Na ndipo nilipoendesha vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Ningekumbuka, ningetetemeka. Ningetetemeka, tungekuwa bondeni. Sasa sijui. Sijui kama mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kupewa pikipiki, au ndiye wa kunyang'anywa."

Singano akatazama mahali ulipokuwa mguu wake. Hidaya akakaza fundo la khanga yake.

"Nimesikia," akasema Bi Mwantumu. Akausukuma ufunguo kwa kidole mpaka katikati ya mkeka, mahali palipokuwa mbali sawa na kila mmoja wao. "Mwenye haki na auokote. Sitasema radhi wala sitasema laana. Nitafumba macho, na nikifumbua nitakubali nitakachokiona."

Akafumba macho.

Haya, ndugu zangu, na nyinyi mko pale uani. Mama mwenye kiapo amekwisha kusema, na hatausogeza mkono. Hidaya aliyeijua njia kwa sababu ya woga amekaa huku. Singano aliyetoa mguu na kuiweka injini hai amekaa kule. Mahimbo aliyevunja kiapo akamponya mama, naye akafurahi, amekaa hapa. Upo pia mkono wa nne, wa kuuchukua ufunguo na kuutupa bondeni, na mkono huo mtu yeyote anaweza kuutumia.

Je, nani alistahili kuuokota?