Mpangaji Aliyeona Haya Kuomba Risiti

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba sita karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, na viwili kati ya vyumba hivyo alimpangisha mtu aitwaye Lubango. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Shigela. Lubango alikuwa mpima mizani pale kiwandani. Kila mkulima aliyeleta pamba, Lubango alimpimia, akamwandikia kikaratasi cha uzito, akamwonya akitunze kama roho yake, maana bila hicho hakuna malipo. Watu walimwona mtu makini, na kweli alikuwa makini, kwa mambo ya watu.

Siku ya kwanza ya kupanga, mzee alitoa kitabu kipya cha risiti, akaanza kupapasa mifuko akitafuta kalamu. Lubango akaona haya. Mzee huyu ndiye aliyeshika jembe la kwanza kuchimba kaburi la baba yake, wakati ndugu wa damu walikuwa bado wanaulizana nauli. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo akuandikie kwamba amepokea? Lubango akakisukuma kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Aa, mzee wangu, sisi si watu wa karatasi." Mzee alifurahi sana. Tangu siku hiyo pango lilikwenda taslimu, limefungwa kwenye leso, likapokelewa bila kuhesabiwa, kwa kuwa kuhesabu mbele ya mtoaji ni kumwita mwizi. Ndivyo wanavyoishi wenye adabu, na ule msemo wa mali bila daftari tumewaachia wenye maduka wauandike ukutani. Miaka kumi ikapita hivyo.

Mwaka wa kumi na moja, macho ya Nyanzobe, mke wa Lubango, yakaanza kuingia ukungu. Alianza kwa kukosea chumvi, kisha akakosea mlango. Daktari wa macho alifika hospitali ya mji ule mara moja tu kwa mwaka, baada ya msimu wa pamba, akakaa wiki moja na kuondoka. Alimpima Nyanzobe akasema macho yanapasulika na atapona, ila wasivuke ujio wake unaofuata. Gharama yake ilimshinda Lubango. Aliuza baiskeli, akaomba kwa jamaa, haikufika hata nusu.

Mwaka huohuo ikatoka amri katika nchi ile: mfanyakazi anayelipa pango atarudishiwa sehemu ya kodi anayokatwa kwenye mshahara, mradi aonyeshe kwamba kweli amelipa. Lubango alipiga hesabu akaona inatosha. Alirudi nyumbani akimwita mkewe tangu njiani. Nyanzobe alicheka, akasema akishapona kitu cha kwanza atakachokitazama ni mvi za mumewe, maana majirani wamemwambia zimeongezeka.

Ofisini, karani aliomba risiti. Hakuna. Akaomba karatasi za benki. Hakuna. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema basi, na aje mwenye nyumba mwenyewe, atamke kwa kinywa chake kwamba amekuwa akipokea, atie sahihi, mambo yaishe. Lubango alitoka mle ndani mwepesi kabisa. Nani wa kumsemea vizuri kuliko Mzee Shigela?

Mzee hakusita. Alivaa koti lake la harusi na misiba, wakaenda pamoja, Lubango akimshika mkono wakivuka barabara. Walipokuwa kwenye benchi wakingoja, mzee akamsikia karani akimweleza mtu mwingine dirishani kwamba anayepokea pango naye ana kodi yake, na asiyeitoa atadaiwa ya miaka yote ya nyuma. Mzee hakuwahi kuitoa hata mwaka mmoja. Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka sabini na minane na vile vyumba sita, basi, hana kingine duniani.

Wakaitwa, na karani akauliza alichotaka kuuliza. Mzee alimtazama Lubango kwa huruma, nami nasema ilikuwa huruma ya kweli, akamwekea mkono begani. "Huyu ni kama mwanangu wa kumzaa," alisema. "Anakaa kwangu bure. Sijapokea kwake hata senti moja."

Karani akamgeukia Lubango, akamuuliza kama ni kweli. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa karani. Kule nyumbani walikuwapo wapangaji wengine watatu ambao wangeweza kuitwa, na kila mmoja alijua kwamba Lubango hulipa. Lubango alimwona moyoni mkewe akipapasa mlango. Akamwona pia mzee wa watu, aliyemchimbia baba yake kaburi, akiitwa mwongo mbele ya wageni, na anayemwita ni yeye. Akainamisha kichwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha Lubango hakikuwa na mshindo wowote. Karani aliandika kwamba dai ni la uongo, akafunga jalada, akamwita mwingine.

Walipokuwa wakirudi, mzee alimnunulia soda baridi. Lubango aliinywa, akashukuru. Mwezi ulipoisha alipeleka pango kama kawaida, mzee akapokea kama kawaida, na katika watu wale wawili hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

Daktari alikuja baada ya msimu, akakaa wiki yake, akaenda zake. Mkewe alipouliza, Lubango alimjibu kwamba serikali imekataa. Nyanzobe aliilaani serikali siku mbili tatu, kisha akachoka. Kufikia mavuno yaliyofuata hakutofautisha tena mchana na usiku. Hata sasa, akiisikia fimbo ya Mzee Shigela uani, huinuka, huenda akipapasa ukuta, akamtolea kiti na kukipangusa kwa upindo wa kanga yake, kwa sababu mumewe alimwambia kwamba katika mji ule hakuna mtu mwema kuliko huyo.

Basi niambieni, ninyi wenye adabu: heshima ile ilikuwa ya nani, hata ikalipwa kwa macho ya mtu ambaye hakuulizwa?