Mgeni Kwenye Barabara ya Chai

Asubuhi ile ya Jumamosi walikuwepo wanawake wanne kwenye barabara ya mashamba ya chai, tayari kukimbia mpaka darajani: Tumpe, fundi cherehani mwenye miguu myepesi, Sekela, ambaye utani haumwishi mdomoni, Mbonile, jirani yao mkimya, na Atuganile, mama wa mtoto mchanga, ambaye hakuwa amekimbia tangu alipoacha shule.

Atuganile alikuwa na presha. Muuguzi alimwonya kwamba asipoufanyisha mwili mazoezi, moyo wake utachoka mapema. Akamtazama mwanawe Bupe aliyekuwa akinyonya, akaona afadhali kuchekwa kuliko kumwacha yatima. Akavaa raba za mumewe na kuzijaza vitambaa mbele. Na kwa kuwa kwao mtu haendi kazini na tumbo tupu, akala sahani nzima ya ndizi na maharage, kama anayekwenda kulima. Lakini moyoni alijiambia: nikishindwa leo, sirudi tena.

Walipoanza, alijisikia kama ndama aliyefunguliwa kamba. Upepo ulimpiga usoni, chai ikampita huku na huku, akacheka peke yake kwa furaha. Kumbe mwili wake ulikuwa bado unajua! Akataka kumfikia Tumpe. Akaongeza mwendo, akaongeza tena. Kabla ya kona ya kwanza kichomi kikamshika ubavuni, ndizi zikampanda kooni, akasimama ameinama, mikono magotini.

"Mama Bupe!" Sekela alipaza sauti kutoka mbele. "Unakimbia au unatwanga? Kishindo tumekisikia huku!"

Wakacheka. Hata yeye alicheka, ila machozi yalimlengalenga. Akageuka, akashika njia ya nyumbani.

Hakufika mbali. Alisikia raba zikimjia kwa kasi nyuma yake. Alikuwa Tumpe, ambaye alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika darajani, mahali ambapo mkono wa kwanza kushika chuma cha ukingo ndio unaosifiwa wiki nzima.

"Umesahau nini?" Atuganile aliuliza.

"Nimemsahau mgeni," Tumpe akajibu. "Wewe ni mgeni kwenye mbio, mwenzangu, na mgeni kwetu husindikizwa."

Sote tunajua kusindikiza. Unakwenda kwa mwendo wa mgeni, si kwa mwendo wako, na huishii mlangoni. Basi wakatembea mpaka kichomi kikaachia. Wakakimbia kidogo, wakatembea, wakakimbia tena. Pumzi ikamrudia Atuganile, ikaja na nguvu asiyoijua. Moyo ulimdunda, naye hakuuogopa. Ulidunda kama ngoma ya harusi.

Kule darajani Sekela na Mbonile walikuwa wamesimama, mikono nyuma, hawajagusa chuma. Sekela alipowaona wakija bega kwa bega alipiga vigelegele mpaka wachuma chai wakainua vichwa. Mbonile, yule mkimya, naye akapiga. Mikono minane ikakishika chuma mara moja, wakaruka pale kama watoto walioona mvua ya kwanza.

Enyi mliotangulia katika jambo lolote jema, mnapolikaribia daraja, mgeni wenu mmemwacha wapi?

Jumamosi iliyofuata walikimbia watano: mmoja wa wale wachuma chai alikuwa ameweka kikapu chini.