Kitunguu cha Lustika

Kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko kinakwaruza kopo gizani, jogoo hajawika. Wazee wa kwetu wakisikia mlio huo hutikisa kichwa, wakasema: "Mchimbua kitunguu haoni ua." Mmeuliza msemo huu umetoka wapi, wanangu. Umetoka barazani kwa Bi Otilia, huku milimani upande wa Njombe, na aliyeuzaa ni wivu.

Bi Otilia alikuwa na ua la kipupwe. Masika yote hulala udongoni, kitunguu kitupu. Maua ya bustanini yakishaungua kwa sakitu, ile baridi inayogandisha umande, lenyewe ndipo huchanua. Lakini lina deko. Sakitu ikiligusa tu, basi tena, ndiyo maana hulelewa kwenye kopo, barazani.

Mwaka mmoja akawagawia wakamwana zake wawili. Anyesi, mke wa mwanawe mkubwa, akapata kitunguu kidogo, kinang'aa. Lustika, bibi harusi wa juzijuzi, akapata kikubwa kilichosinyaa, maganda yananing'inia.

Moyo ukamchoma Lustika. "Yeye kazaa, kapewa kizuri. Mimi mgeni nipewe mzoga!" Kwake ua lilikuwa kipimo: likichanua, anapendwa nyumba ile, lisipochanua, ajue hana lake.

Wakavipanda barazani, kila mmoja kopo lake. Anyesi alipokwenda kisimani, Lustika akavifukua, akavibadilisha. Hata hivyo hakutulia. Mwenye wivu hata akiiba, hakiamini alichokiiba. Kila alfajiri alichukua kijiko cha chai, akakifukua kitunguu kuona kama kimechipua. Akikuta kimzizi anafurahi, anafukia. Kesho anarudi.

Kipupwe kikaingia. Kopo la Anyesi likatoa ua jekundu, kubwa kama sahani. La Lustika, kimya.

"Mwenzangu, njoo uone!" Anyesi akaita. "Kale kadogo kangu!"

Bi Otilia akainama, akalitazama. "Kadogo wapi! Hili ni ua la kile kikubwa. Kile cha sura mbaya ndicho mama yao, vingine vyote kimevizaa chenyewe. Nilimpa Lustika makusudi. Kaja mgeni, nami sina kingine cha kumkaribishia. Sasa huku kimefikaje?"

"Labda panya, mama," Lustika akajibu, macho chini.

"Panya huyo anachimba na kupanda?" Anyesi akaangua kicheko.

Bi Otilia akatia vidole kwenye kopo la Lustika. Akatoa kitunguu kilichooza, hakina mzizi hata mmoja. Kicheko cha Anyesi kikakatika. Lustika akaanza kulia. Alikuwa amependwa tangu siku ile ya kwanza, na pendo lenyewe akalihamisha kwa mikono yake, akampa mwenziwe.

Editha, binti mdogo wa Anyesi, alilala jikoni karibu na baraza, na kila alfajiri alikuwa akikisikia kile kijiko. Akamsogelea Lustika, akamshika kanga. Hakutaka kumsuta, alitaka tu ajue, mwakani asirudie.

"Mama mdogo, mchimbua kitunguu haoni ua."