Kinyungu Hulimwa Kiangazi

Kinyungu hulimwa kiangazi. Mmeusikia msemo huo juzi kwenye kikao cha harusi, mkaambiwa ulianza na rubani, mkauliza bustani ya bondeni inahusiana nini na marubani. Inahusiana. Kaeni mjue ulikotoka, maana haukutoka kwa mtu mwenye busara aliyetulia. Ulitoka kwa mtu aliyekuwa akifoka.

Palikuwa na binti huku kwetu Njombe, Twilumba Mgaya. Mpole, wa maneno machache; ukimsalimia "Kamwene" aliitikia akitazama vidole vyake vya miguu. Mwaka aliozaliwa, baba yake alipanda msitu wa mipaini kilimani, akawaambia ndugu zake, "Hiyo ni shule ya huyu mtoto." Akafariki kabla miti haijakomaa. Msitu ukabaki chini ya kaka mkubwa wa marehemu, Lukelo, na bila neno la Lukelo hakuna mnunuzi aliyethubutu kupandisha msumeno kule juu.

Twilumba alipomaliza kidato cha sita alitaka kuwa rubani wa ndege za abiria. Akapimwa na daktari wa marubani, akapewa cheti cha afya. Chuo cha urubani kikampa nafasi. Ndipo uchumi ukaanguka. Watalii walikoma kuja, ndege zikaegeshwa, injini zikafunikwa maturubai. Kijana mmoja wa jirani, rubani kamili, alirudi nyumbani akawa anapanga parachichi kwenye makreti.

"Umeona?" Lukelo alimwambia. "Ngoja hali itengemae."

Twilumba akangoja. Cheti cha afya kikaisha muda wake, nafasi chuoni akapewa mwingine, na mipaini ikaendelea kusimama.

Mwaka wa pili akaomba tena, akapimwa tena, akapata nafasi tena. Masomo yangeanza Oktoba, na safari hii chuo kilimwandikia wazi: akiahirisha, jina lake litafutwa.

Kikao cha ukoo kikakaa Septemba. Twilumba akaeleza kwa sauti ndogo kwamba mafunzo ni miaka miwili, kwamba haanzi leo ili aajiriwe kesho. Hakuachwa amalize.

"Miaka miwili ya kuteketeza msitu!" Lukelo alimkata. "Nani anaajiri rubani sasa hivi? Mwaka huu hata kunguru wanatembea kwa miguu!"

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma. Mama yake akamfinya mkono chini ya kitenge, naye akanyamaza. Lakini hasira ya mpole, wanangu, ni moto wa maranda ya mbao: mwali huuoni, ila ukikanyaga unaungua.

Kesho yake asubuhi aliteremka bondeni kumpelekea mama yake mbegu za maharage. Ninyi mliokulia mjini hamkijui kinyungu. Ni matuta yanayochimbwa chini kabisa bondeni, kwenye udongo ulioshika unyevu, wakati huko mlimani vumbi linaruka. Siku ile jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa akilima. Na katikati yao nani? Lukelo, shati begani, anageuza udongo mweusi huku jasho likimtiririka.

Twilumba akaweka mbegu chini, akaruka mfereji, akashika mpini wa lile jembe kwa mikono miwili.

"Lete jembe, baba mkubwa."

"Kuna nini?"

"Lete! Ngoja mvua."

"Mvua gani? We mtoto, umelewa asubuhi yote hii?"

"Tazama mlimani, majani yamekauka. Nani analima sasa hivi? Hata kunguru wanatembea kwa miguu! Ngoja hali itengemae ndipo ulime!"

Wakavutana. Binti ambaye wengine hawakuwahi kuisikia sauti yake alikuwa akipiga kelele, machozi yakimwingia mdomoni. Majembe ya majirani yakasimama. Lukelo akauvuta mpini kwa nguvu, akafoka hadi bonde likaitikia:

"Una wazimu? Kinyungu hulimwa kiangazi! Nikingoja mvua, Januari ghala likiwa tupu wanangu watakula nini? Mvua?"

Twilumba akauachia mpini.

"Na mimi?" akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ndogo. "Makampuni yakianza kutafuta marubani, nitawapelekea nini? Mipaini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Tuta la tatu kutoka pale, mama yake Twilumba hakuinua hata kichwa. "Shemeji," akasema, "umejijibu mwenyewe." Akaendelea kulima.

Lukelo alilima hadi saa sita bila kumtazama mtu. Jioni akamwita mnunuzi wa mbao. Miti iliuzwa kwa bei mbaya, kama kila kitu mwaka ule, lakini ilitosha. Siku ya safari hakuja kumuaga binti. Na kila aliporudi likizo, Twilumba alimwamkia, naye akaitikia akitazama kando. Twilumba hakuomba radhi. Mimi simlaumu.

Msidhani mambo yalinyooka mara moja. Alipata leseni akakaa nyumbani miezi mitano bila kazi, na kila Lukelo alipopita uani alikohoa kile kikohozi cha "nilisema mimi". Mwezi wa sita makampuni yakaanza kuita. Wenye leseni mkononi walikuwa wachache. Waliongoja hali itengemae ndiyo kwanza walikuwa kwenye foleni ya kupimwa afya. Twilumba akaitwa.

Mwaka uliofuata kijana mmoja alikwenda kwa Lukelo kumuuliza kama aanze chuo au asubiri bei ya mbao ipande. Mzee akajiweka sawa kitini.

"Mwanangu," akasema polepole, kama mtu aliyeliwaza jambo miaka mingi, "kinyungu hulimwa kiangazi."

Twilumba alikuwa uani, amekuja mapumziko, anaanika mashati yake ya kazi. Hakugeuka.

"Sema yote, baba mkubwa. Sema na nani alishika mpini."

Kijana akamtazama huyu, akamtazama yule. Hatimaye mzee akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kamba ya nguo.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye aliyeshika mpini. Mimi nilifoka tu."

Basi mkiusema msemo huu, usemeni mkijua ulitoka kwenye mdomo wa nani, na ulitolewa na mikono ya nani. Kinyungu hulimwa kiangazi.