Ngamia Aliyesafiri Bila Kuondoka

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wenye homa? Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Na mkiisikia hadithi hii kwa mtu mwingine, jueni kaiiba kwangu.

Hapo zamani za kale, fisi hajaota madoa, palikuwa na Ngamia, jina lake Mwendambali. Kazi yake kuzungusha kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Kruu, kruu, kruu, asubuhi hadi jioni, miaka saba. Machoni kafungwa kitambaa, maana ngamia wa kinu akiona anavyozunguka hushikwa na kizunguzungu. Kila jioni tajiri yake, Mzee Shekue, humpapasa shingo: "Leo tumefika mbali, mwanangu!"

Ngamia akaamini. Akawa anapanga kichwani: jana nimepita Mombasa, leo nalala Uganda, kesho Misri.

Siku moja kinu kikapasuka, pwaa! Mzee Shekue akakata kamba. "Nenda zako, Mwendambali. Sasa u huru." Akanyoosha mkono amvue kitambaa.

"We babu, kitambaa acha!" Ngamia akang'aka. "Msafiri gani anatembea macho wazi?"

Akaenda hivyo hivyo. Akaugonga mti huu, akauomba radhi mti ule, mpaka akatumbukia katikati ya kikao cha wanyama kando ya kisima.

Wanyama walikuwa taabuni. Fisi kakikalia kisima, na kisima ni hicho hicho. Hanywi mtu mpaka acheke kichekesho chake. Na kichekesho chenyewe kimoja tu: "Kuku aliingia tumboni mwangu. Mpaka leo hajatoka!" Wanyama hucheka, kwa-kwa-kwa, mbavu zinauma, raha hawana. Bi Kobe peke yake alikataa. Siku ya nne hiyo, ulimi umemkauka kama ngozi ya ngoma.

"Mto usio na mwenyewe naujua," Ngamia akasema, kifua mbele. "Nimeupita mara mia."

"Tupeleke, kaka! Bi Kobe atatufia!"

"Fungeni macho, basi. Ndiyo desturi ya safari."

Wakajifunga majani ya mgomba. Wakashikana mikia. Bi Kobe, miguu haina nguvu, akabaki kisimani akingoja kuletewa maji. Wenzake wakaenda, tiki-tiki-tiki, wakaenda, wakaenda. Mara harufu ya maji! Sauti ikawapokea: "Karibuni wageni! Kuku aliingia tumboni mwangu..."

"Lo!" Twiga akasema. "Kumbe hata nchi hii ina Fisi!"

"Na kichekesho kilekile!" Nguruwe akaguna.

"Dunia yote ndivyo ilivyo," Ngamia akasema. "Nani aliyetembea hapa, mimi au nyinyi? Tusonge mbele."

Wakacheka, wakanywa, wakaenda. Mara ya pili, Fisi. Mara ya tatu, Fisi. Hapo sauti ndogo ikatoka chini ya unyayo: "Mwendambali, mwanangu, hii mara ya tatu unanikanyaga."

Ngamia akasimama. Kama huyu ni Bi Kobe, basi hapa ni palepale. Na kama hapa ni palepale, Mombasa je? Misri je? Miaka saba je?

"Vua," Bi Kobe akasema, pumzi zinakatika. "Kama ni kufa, nife mbele ya anayeniona."

Akavua.

Akaona njia ya mduara, imechimbika kama sahani. Akamwona Fisi: kijifisi, manyoya yamenyonyoka, meno matatu. Kizunguzungu kikamkamata, akaanguka kitako, puu! Kisha akaanza kucheka. Akajicheka yeye, na Uganda yake, na Misri yake. Wanyama wakavua majani. Wakaona mkia wa Twiga umo mdomoni mwa Nguruwe. Wakacheka wakagaagaa.

"Ngojeni!" Fisi akalia. "Sijasema bado!"

Nani amsikie? Bi Kobe akajikokota, akatia mdomo majini bila kibali cha mtu. Gubu, gubu, gubu. Wengine wakamfuata. Fisi akabaki akilisimulia jiwe habari za kuku wake. Jiwe halikucheka.

Ndiyo maana hata leo ngamia hutembea akiyumba: mguu unataka kuzunguka, mwenyewe anaulazimisha uende mbele.

Funzo lake ni hili. Kamba aweza kukukatia mtu mwingine, lakini kitambaa cha machoni utakivua mwenyewe. Na watu waliojifunga macho, hata wakiandamana mwaka mzima, watafikia kwa Fisi yuleyule.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Aliyecheka kwa hiari yake, na anywe maji.